Nyayo Bapa na Goti Lililopewa Kesi

Siku ya kwanza nilipoingia idara ya kine hospitalini nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu kama kadibodi, nikasubiri kuonyeshwa mashine. Mkuu wa idara, Monsieur Mwamba, alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, kama alivyomtazama kila mtu, kisha akanipa beseni la plastiki na kunituma maji. Nilidhani ananionea kwa kuwa ni msichana na ni mgeni. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenikabidhi kifaa bora kuliko vyote vilivyokuwamo.

Ninyi vijana mnaobaki hapo mmeniomba niandike kidogo kabla sijaanza kusahau. Vyeo sitavisimulia: vilikuja na soda, na soda ilikwisha. Nitasimulia magoti, maana hayo ndiyo yaliyonilisha, na nitasimulia zaidi goti moja la Kasungami ambalo karibu livunje ndoa ya watu.

Zamani zile hapa Lubumbashi wachache walijua kine ni nani. Shangazi yangu wa Kipushi aliwaambia majirani kwamba nimesoma miaka yote ile ili niwakande watu migongo, akaongeza kwa huzuni kwamba hata nyumbani ningeweza kukanda, bila shule. Ukweli ni kwamba tunatibu viungo kwa mikono, mazoezi na subira, na kati ya hivyo vitatu, subira ndiyo inayoisha kwanza.

Beseni lilikuwa la nyayo. Mgonjwa anachovya miguu, anatembea juu ya simenti kavu, na simenti inasema yote. Mguu wenye tao unaacha alama ya vidole na kisigino, na katikati mkanda mwembamba tu wa kando. Mguu bapa unaacha alama nzima, nono, kama andazi lililokaliwa. Monsieur Mwamba alikuwa akiinama juu ya alama zile mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayekagua shamba la mkwewe, kisha anainua macho kwenye goti.

“Goti iko katikati kama sekretere,” aliniambia. “Juu kuko directeur, chini kuko mulinzi wa mulango. Bale babili bakikosana, sekretere njo anaumia.”

Alimaanisha hivi. Wayo ukilala kwa ndani, mfupa wa muundi unageuka nao, na goti linavutwa upande lisioutaka. Miaka ikipita, gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa isisuguane, linaweza kulika, na hapo unapata ugonjwa tunaouita arthrose. Linaweza, alisisitiza, akininyooshea kidole. Yeye mwenyewe alikuwa na nyayo bapa kama za bata, na magoti yake yalimfikisha kwenye pensheni na kumvusha mpaka baa ya ng'ambo ya barabara. Na tulikuwa na wagonjwa wenye matao mazuri kama ya kanisa kuu, wanaoshuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu. Tao lililolala ni mzigo mmoja kati ya mizigo mingi: uzito, umri, kazi, jeraha la zamani. Ukimkuta mtu anatembea na magunia, usilishtaki gunia moja peke yake.

Vifaa vingine tulijitengenezea. Mifuko ya mchanga ya kufunga kwenye kifundo cha mguu ilitokana na suruali kuukuu za wachimba migodi, na mipira ya kuvuta ilitokana na matairi ya ndani ya baiskeli. Kila mwaka tuliandika kuomba vifaa vya kisasa, na kila mwaka tuliletewa kalenda.

Magoti nayo yalikuwa na fasheni zake. Nilipoanza, kila goti liliumwa kwa sababu ya baridi ya simenti. Kisha ukaja wakati wa sindano: mtu alikuja ameshachomwa na mwuza duka la dawa, jirani wa mwuza duka, na askari mmoja aliyejifunza vitani. Halafu akaja Docta Kabamba, na mji mzima ukawa na nyayo bapa.

Docta Kabamba alirudi kutoka masomoni Ulaya na viatu vizuri na nia njema, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Kwa ushawishi wake hospitali ilinunua kibao cheusi cha kukanyaga, kilichounganishwa na kompyuta iliyochora nyayo kwa rangi: nyekundu pale unapolemea, buluu pale usipolemea. Kilizinduliwa kwa utepe. Mkurugenzi wa hospitali alivua soksi akapanda juu yake mbele ya wageni, na umeme ukakatika. Msemaji, mtu mwenye uzoefu, aliendelea kuisifu picha ambayo haikuwepo, na mkurugenzi akabaki amesimama miguu mitupu akisikiliza hotuba juu ya maendeleo.

Kisha Docta akazungumza redioni. Alizungumza vizuri sana, akieleza kwa tahadhari kwamba wenye nyayo bapa wanaonekana kuumwa magoti kuliko wengine, ingawa si wote, na kwamba si rahisi kujua kipi kilianza. Mji ulisikia maneno mawili tu: pieds plats, nyayo bapa. Kuanzia Jumatatu foleni ilifika getini. Akina mama wa Golf, mtaa wa matajiri, walikuja wakalinganisha picha zao kama watu wanaolinganisha vitenge. Mmoja alinilalamikia kwamba yake ina buluu nyingi kuliko ya jirani, akaomba irudiwe. Waume zao waligundua kwamba mtu mwenye nyayo bapa hawezi kusimama muda mrefu kwenye misiba ya upande wa mke. Nje ya geti wakazuka wauza soli za ndani ya viatu, za sumaku, za majani, na moja iliyotibu pia presha.

Katika foleni hiyo ndipo alipokuja Mama Kalenga.

Alikuwa mjane wa Kasungami, analima mahindi na matembele, na anabeba gunia kichwani hadi barabarani. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama embe bivu. Alifuatana na kaka yake, Papa Léon, aliyekuwa mkubwa wa familia na mtu wa mikutano. Mwanawe Trésor, dereva wa pikipiki. Na mke wa Trésor, Bijou, msichana wa Kipushi, aliyetembea nyuma akimshika mkono binti yake mdogo. Mama Kalenga alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki ambao hakutaka mtu auguse. Ndani yake mlikuwa na sandali za buluu.

Kisa cha sandali nilikijua baadaye. Bijou alimnunulia mama mkwe zawadi. Muda mfupi baada ya kuzivaa, goti likavimba. Pasta wa kanisa lao akaomba, akafumba macho, akasema anaona kitu kimewekwa chini ya miguu ya mama huyu na mtu anayekula naye. Hakutaja jina, maana wapasta wa namna ile hawataji. Wanaacha familia imalizie. Sasa sandali zililetwa hospitalini ili mashine iseme.

Docta Kabamba alimpandisha Mama Kalenga kwenye kibao. Umeme siku hiyo ulikuwepo. Picha ikatoka nyekundu tupu, toka kidoleni hadi kisiginoni.

“Mama,” akasema kwa upole, “voûte ya miguu yako imeanguka. Ile njo inasumbua goti.”

Voûte ni lile tao la wayo. Papa Léon alisogea mbele, akashusha sauti.

“Docta, nani aliiangusha?”

Docta alidhani anaulizwa chanzo cha ugonjwa. Alikuwa ameshageukia mgonjwa mwingine, akajibu jinsi anavyojibu kila siku kuhusu mambo ya kurithi:

“Mara mingi inakuwaka mu famille.”

Papa Léon akaitika kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta. Pasta alikuwa amesema, na sasa mashine nayo ilikuwa imesema.

Nilimkuta Bijou kwenye korido, amekaa chini, mtoto amelala mapajani. Nilimwuliza anaumwa wapi. Akasema yeye si mgonjwa, ila mwisho wa juma anarudishwa Kipushi kwa wazazi wake na mtoto anabaki.

“Mama Kine, banasema mimi njo niliangusha voûte,” akasema. “Mie sijue hata voûte iko wapi.”

Niliwaita wote ndani ya chumba chetu, nikaleta beseni. Niliwaeleza kwamba wayo hurithiwa kama pua, na nitawaonyesha. Mama Kalenga akachovya, akatembea: bapa. Papa Léon akavua viatu kwa heshima kubwa: bapa. Trésor: bapa. Hata mtoto, ingawa kwa umri wake miguu mingi bado haijaamua. Nilijisikia kama mwalimu ambaye darasa lake limejibu vizuri mbele ya mkaguzi. Kisha yule mtoto, aliyeupenda mchezo ule, akamvuta mama yake kwa kitenge ili naye achovye.

Bijou akapita juu ya simenti. Nyuma yake zikabaki alama nyembamba, maridadi, tao limesimama kama daraja. Katika miaka yangu yote sijaona nyayo nzuri kama zile.

Papa Léon akainama, akazitazama alama zote moja baada ya nyingine.

“Munaona,” akasema. “Ya bote imeanguka. Yake tu njo imesimama.”

Mama Kalenga akaanza kulia. Sayansi ilikuwa imetoa ushahidi wake, na ushahidi ulikuwa dhidi ya Bijou.

Nilikwenda kumtafuta Docta Kabamba nikamkuta anakula mkate. Nilimweleza “mu famille” yake imesikika vipi. Aliuweka mkate mezani. Halafu akanifuata, akaingia chumbani, akakaa kwenye benchi, akavua vile viatu vizuri na soksi zake, akakunja suruali. Alichovya miguu katika beseni letu na kutembea mbele ya familia ile. Alama zake zilikuwa pana kama sahani.

“Nilizaliwa hivi,” akasema. “Mama yangu iko hivi. Bijou, ulishanionaka mbele ya leo?”

“Hapana, Docta.”

“Basi voûte yangu, uliiangushia wapi?”

Trésor ndiye aliyecheka kwanza, akaziba mdomo. Docta hakucheka. Alimgeukia Mama Kalenga, akamwomba msamaha kwa kusema haraka, akamwuliza goti lilianza kusumbua lini hasa, si kuvimba, kusumbua. Mama Kalenga alitazama ukutani. Papa Léon akaanza kujibu badala yake, na Docta akamwomba amwache mwenye goti aseme.

“Wakati wa kupanda,” Mama Kalenga akasema mwishoni. “Mbele ya kupewa sandali. Nilinyamaza. Nani angelima?”

Hapo kesi ingekwisha kama familia zingekuwa zinaendeshwa kwa ushahidi. Lakini Papa Léon alikuwa amefunga safari, ameitisha mikutano, ameshaongea na pasta; hakuweza kurudi mikono mitupu. Alifikiri, akatoa hukumu. Bijou abaki mpaka mavuno. Goti likipona, hana neno. Lisipopona, aende kwao. Akasimama akaenda, ameridhika kwamba amekuwa wa haki kwa pande zote, pamoja na goti.

Goti lile lilikuwa na arthrose, na arthrose hairudi nyuma. Gegedu halioti tena kama mchicha. Tunachoweza ni kupunguza maumivu, kuimarisha misuli ya paja ili ibebe sehemu ya mzigo, na kulisaidia goti liishi vizuri na uzee wake. Sijawahi kuona misuli ya paja iliyopewa wajibu mkubwa kama ule.

Tulianza. Fundi wetu wa viatu alikata soli ngumu zenye kuinuka upande wa ndani, akaziweka katika viatu vilivyofungwa kamba, na sandali za buluu zikapumzishwa, si kwa uchawi bali kwa ulaini wao. Gunia likagawanywa, likahamia kwenye pikipiki ya Trésor. Kisha mazoezi: kukaa kitini na kunyoosha goti mfuko wa mchanga ukiwa umefungwa kifundoni, kuinuka kitini bila kushika kitu, kuvuta wayo ujikunje bila kukunja vidole, zoezi dogo linalomfanya mtu mzima aonekane anajaribu kukumbuka jina la mtu. Asubuhi na jioni. Mtu alihitajika wa kumsimamia. Trésor alikuwa barabarani. Papa Léon alikuwa na mikutano. Akabaki Bijou.

Hivyo mshtakiwa akapewa mguu. Wiki za kwanza, Trésor alinisimulia, mama yake alifanya mazoezi macho yamefumbwa, akiomba kwa sauti dhidi ya mikono iliyokuwa imemshika kisigino, na Bijou akihesabu kwa sauti zaidi ili asipoteze hesabu. Pasta alipopata habari alipendekeza mfuko wa mchanga upakwe mafuta ya upako. Nilisema sina pingamizi, mradi mchanga haupunguzwi.

Mvua zilipokolea, goti likavimba upya. Bijou alikuja hospitalini ameloa, na mzigo wa nguo umefungwa kwenye kitenge. Papa Léon alikuwa ameitisha mkutano wa siku ileile. Nilimwomba Docta ruhusa, nikapanda pikipiki ya Trésor mpaka Kasungami, na mimi huogopa pikipiki kuliko mkutano.

Mama Kalenga hakuwa nyumbani. Nilimkuta kwenye ukingo wa shamba, amekaa juu ya ndoo, jembe limelazwa kwenye majani nyuma yake kama kitu kisicho chake. Matope yalikuwa yamemfika magotini. Nilichuchumaa, nikaligusa goti. Lilikuwa la moto.

Nilimwambia sitamgombeza. Nilimwambia tu kwamba akinyamaza leo, goti hili litamfukuza mtu.

“Ninajua,” akasema.

Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kubeba, na ni vigumu kwa mtu kama huyo kukiri kwamba kubeba ndiko kulikomwumiza. Ni rahisi zaidi kuwa na adui. Kisha alininyooshea mkono nimwinue, tukaenda polepole mpaka uani, ambako Papa Léon alikuwa ameshapanga viti.

Mama Kalenga hakungoja mkutano ufunguliwe.

“Ni mie nililima,” akamwambia kaka yake. “Bijou alinikataza. Alificha jembe, nikalitafuta, nikalipata.”

Papa Léon alijaribu kuuliza swali la utaratibu. Mama Kalenga akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kama anataka kuhukumu goti, aje kwanza alime yeye. Mkutano ukafungwa kwa sala. Kesho yake Trésor alitafuta kibarua wa shamba, na Bijou alifungua mzigo wake wa nguo, ingawa alisema aliuacha karibu na mlango kwa muda, kwa tahadhari.

Mahindi yalipokauka, Mama Kalenga aliinuka kitini mbele yangu bila kushika kitu, akakaa, akainuka tena, akaniuliza kama natosheka au anaendelea. Wayo wake ulibaki bapa kama siku ya kwanza. Maumivu yalikuwa yamepungua, si kwisha. Siku za baridi alilalamika na hadi leo analalamika. Lakini alitembea, alichuchumaa kuchuma matembele, na kwa mahakama ya Papa Léon hiyo ilitosha.

Nilialikwa kanisani kusikia ushuhuda. Docta Kabamba alikuja pia, akakaa mstari wa mbele. Mama Kalenga alipanda ngazi za madhabahu mwenyewe na watu wakapiga vigelegele. Alimshukuru Mungu, akamshukuru pasta kwa maombi, akamshukuru Docta na mashine yake, akaushukuru hata mfuko wa mchanga, ambao pasta alieleza haraka kwamba ulipakwa mafuta. Papa Léon alisimama akapokea makofi kwa niaba ya haki. Mimi nilitajwa kama “bale mama ba masaji”. Bijou hakutajwa. Alikuwa nje, karibu na mlango, mahali walipomweka tangu msimu wa mashtaka pamoja na wanaosubiri kuombewa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aingie.

Baada ya ibada pasta alinivuta pembeni. Aliuliza kwa sauti ya chini kama goti linaloumwa wakati wa kupiga magoti ni jambo la kutisha. Nilimwambia aje Jumatatu, asubuhi, na kaptula.

Nilitoka nikiwa na hasira kidogo, nikijiandaa kumfariji Bijou kwa maneno ambayo sikuwa nayo. Watu walikuwa wamejaa uani, wanasalimiana. Mama Kalenga akatoka mlangoni katikati ya marafiki zake wa kanisa, akasimama juu ya kizingiti, akatazama huku na huku mpaka akamwona. Akaenda moja kwa moja, mbele ya wote, akaweka mkono juu ya bega la Bijou, akaegemea. Wakaanza kwenda hivyo kuelekea barabarani, polepole, mtoto akitangulia, na watu wakawapisha. Bijou alitembea wima, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Nililijua goti lile kuliko mtu yeyote. Halikuhitaji tena bega.